Vitanda 11 vya Madurai

Mwaka wa 1976, katika mji wa Madurai, kusini mwa Bara Hindi, tabibu mmoja wa macho alistaafu kazi ya serikali akiwa na umri wa miaka 58. Jina lake Govindappa Venkataswamy. Wenzake wa umri ule hukaa barazani wakala kiinua mgongo chao. Yeye aliitia nyumba yake rehani, akawakusanya ndugu na mashemeji, wakafungua spitali ya vitanda 11. Wakaiita Aravind.

Cha ajabu zaidi ni mikono yake. Alipokuwa daktari jeshini, baridi yabisi ilimshika hata vidole vikapinda, ikawa hata kalamu hawezi kuishika. Alikuwa amekusudia kuwa daktari wa uzazi, hilo likamponyoka. Akageukia macho, akajifunza upya kushika kisu, na kwa vidole hivyo hivyo aliyapasua macho zaidi ya laki moja kabla ya kufariki mwaka wa 2006.

Adui wake mkubwa alikuwa mtoto wa jicho. Tiba ya maradhi hayo si ngeni: kiasi cha miaka 1,000 iliyopita, huko Misri, Ammar bin Ali al-Mawsili aliandika jinsi ya kumfyonza mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu. Lakini dawa ikiwapo na mgonjwa asiifikie, yamfaa nini?

Aravind waliona kwamba watu wa mashamba hawaji hata wakiambiwa matibabu ni bure. Nauli hawana, chakula cha njiani hawana, na kipofu hasafiri peke yake. Lazima apate wa kumshika mkono, naye huyo aache kibarua chake. Basi madaktari wakawafuata vijijini kuwapima. Waliohitaji kupasuliwa wakapakiwa basini, wakalishwa, wakatibiwa na kurudishwa kwao. Kwa maoni yangu, basi lile lilifanya kazi kubwa kuliko kisu.

Na fedha? Wenye uwezo hulipa, na malipo yao huwabeba maskini. Madaktari ni wale wale. Tofauti ni malazi: mlipaji alipewa kitanda, asiyelipa mkeka. Katika chumba cha upasuaji daktari huwa na meza mbili. Akimaliza huyu humgeukia yule, ambaye wauguzi, wengi wao wasichana wa vijijini waliofunzwa hapo hapo, wamekwisha mtayarisha.

Likabaki suala la lenzi. Harold Ridley alitia lenzi ya kwanza ya bandia jichoni mwa mtu mwaka wa 1949, mjini London, lakini miaka 40 baadaye bei yake ilikuwa bado yamshinda maskini. Yeye akiisha kupasuliwa alipewa miwani mizito kama kitako cha chupa, na ikivunjika, amerudi kizani. Mwaka wa 1992 Aravind wakaanzisha kiwanda chao wenyewe, Aurolab, wakauza lenzi kwa sehemu ndogo tu ya bei ya ng'ambo. Leo lenzi za Madurai zimo machoni mwa watu wa nchi nyingi, na za Afrika zimo.