Tarehe Iliyo Chini ya Mkataba

Kuna wiki mbili hivi katikati ya mwaka ambazo mtu wa Kariakoo haulizi matokeo, kwa sababu mechi hakuna. Anafungua simu. Klabu imeweka picha ya mchezaji, na juu yake maneno mawili ya Kiingereza: “Thank You”. Kufika jioni vijiwe vyote vinajua kwamba fulani kapewa thank you. Neno lenyewe limeshahama uwanjani. Juzi nimemsikia mama ntilie akisema muuza mkaa wake kampa thank you, yeye sasa anapikia gesi.

Mashabiki huuhesabu msimu wa usajili kwa sura: nani kaaga, nani katua uwanja wa ndege akavishwa skafu. Mimi, baada ya kuufuatilia kwa miaka, nimeishia kuuhesabu kwa tarehe. Mikataba mingi ya wachezaji wetu huandikwa kuisha 30 Juni. Msimu wa 2024/25 mechi ya watani, Simba na Yanga, iliyokwama Machi 8 ilikuja kuchezwa Juni 25. Yanga wakashinda 2-0 na kubeba ubingwa wa nne mfululizo. Nchi nzima ilitazama mpira. Nilijiuliza ni wangapi kati ya wale waliokuwa wakikimbia pale wangekuwa hawana kazi baada ya siku tano.

Mmoja hakuwepo kabisa. Stephane Aziz Ki alikuwa ameshauzwa Wydad ya Morocco, akaenda kucheza Kombe la Dunia la Klabu kule Marekani. Kuondoka kwake kulipikwa mwaka mmoja nyuma, na ndiyo habari ninayotaka kuisimulia, kwa sababu wakati huohuo Mtaa wa Msimbazi, kwa Simba, palikuwa na mwenzake ambaye mambo yake yalikwenda kinyume.

Msimu wa 2023/24 Aziz Ki alimaliza mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 21, mawili zaidi ya Feisal Salum wa Azam. Mkataba wake na Yanga ulikuwa ukingoni. Viongozi wakakaa naye, tetesi zikavuma kila siku kwamba anaondoka, mwishowe akamwaga wino upya. Kwa hiyo Wydad walipomtaka mwaka uliofuata, iliwabidi waje Jangwani, kwa Yanga, na fedha. Clatous Chama, Mwamba wa Lusaka, alikuwa Simba. Mkataba wake nao uliisha katikati ya mwaka huohuo wa 2024. Ukaisha kweli. Siku ya kwanza ya Julai Yanga walimtambulisha kama mchezaji huru, na klabu iliyomlea hapa nchini haikupata hata nauli.

Kijana mmoja anayeuza jezi pale karibu na makutano ya Msimbazi alinionyesha siku hizo furushi la jezi nyekundu zenye jina la Chama mgongoni. “Hizi sasa ni za kupigia deki,” aliniambia, na hakuwa anatania.

Kanuni za FIFA ziko wazi katika hili. Mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine. Kama mkataba unaisha 30 Juni, basi tangu mwanzo wa Januari mlango uko wazi. Katibu anayesubiri ligi iishe ndiyo amwite mchezaji mezani amechelewa nusu mwaka. Ukitaka kumbakiza mtu au kumuuza, muda wake ni pale anapobakiza mwaka mzima, yaani Juni ya mwaka uliotangulia, wakati yeye mwenyewe bado anaimbwa na hakuna anayewaza kuondoka kwake.

Hili viongozi wetu wanalijua. Wanachokosa ni fedha ya kulitekeleza kwa wakati, na hapo ndipo tunapofika kwenye dau.

Kwa wenzetu wengi mshahara ndiyo uti wa mgongo wa mkataba. Kwetu mchezaji huuliza kwanza dau la usajili, fungu analopewa mkononi anaposaini. Simlaumu. Mshahara unaweza kuchelewa miezi mitatu, lakini fungu la mkononi linanunua kiwanja Chanika wiki hiyohiyo. Tatizo ni namna linavyoandikwa. Tuchukue mchezaji wa kubuni wa klabu ya katikati ya msimamo: dau la shilingi milioni 30 kwa miaka miwili, mshahara milioni 1.5 kwa mwezi. Katika orodha ya mishahara atasomeka milioni moja na nusu. Hesabu yake ya kweli ni nyingine. Mishahara ya miezi 24 ni milioni 36, jumlisha dau upate 66, gawanya kwa 24: ni 2,750,000 kila mwezi. Ukiwa nao 25 wa aina hiyo, orodha inasema milioni 37.5 kwa mwezi, mfuko unasema milioni 68.75. Hapo hujalipa nyumba, posho za ushindi, matibabu ya goti wala tiketi za ndege za maproo wanaokwenda kwao likizo.

Halafu angalia fedha zinaingia lini. Viingilio vinakuja na mechi. Fedha za mdhamini na za haki za televisheni huja kwa mafungu. Mkataba wa Azam Media na shirikisho la soka nchini, TFF, uliosainiwa 2021 ni wa shilingi bilioni 225.6, ila ni wa miaka 10. Mwisho wa msimu uwanja umefungwa, geti halilii, na hapohapo klabu inadaiwa kila kitu kwa mkupuo: dau za wapya, dau za wanaoongeza mkataba, fidia za wanaoachwa kabla ya muda, kambi ya maandalizi, vibali vya kazi vya wageni ambao klabu inaruhusiwa kuwa nao hadi 12. Mkulima wa korosho wa Newala anaielewa hali hii kuliko mhasibu wa mjini. Salfa inanunuliwa katikati ya mwaka, mnada ni Oktoba.

Wengine hukopa, wengine humpigia simu tajiri. Yanga walipoachwa na mfadhili wao Yusuf Manji mwaka 2017, walijifunza maana ya Juni isiyo na tajiri. Watani wakawaimba kwamba wanatembeza bakuli, na kweli walitembeza. Mwaka 2019 walifanya hafla ya hadhara, Kubwa Kuliko, wanachama wakachangia fedha za usajili. Ilichekwa sana. Mimi naiona ilikuwa ya heshima kuliko kuwasainisha vijana 12 kwa ahadi na kuwaacha wadai. Tena mchezaji asiyelipwa miezi miwili, kwa kanuni za FIFA, anaweza kuipa klabu notisi ya siku 15 na, isipomlipa, akaondoka kwa haki zote, deni likabaki kumfuata katibu.

Deni la mpira halifi kwa kunyamaza. Mwishoni mwa 2023 Simba walifungiwa kusajili kwa sababu Teungueth ya Senegal ilikuwa inadai fungu lake kutokana na mauzo ya Pape Ousmane Sakho. Kule Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards zote zimewahi kufungiwa na FIFA kwa madeni ya watu waliokwishaondoka. Mtu anaondoka kwa basi usiku, miaka miwili baadaye jina lake linarudi kwenye barua kutoka Zurich.

Basi niseme kwamba tarehe ndefu inatosha? Ningependa, lakini kuna Fei Toto.

Fei Toto, yaani yuleyule Feisal Salum, alikuwa na mkataba na Yanga hadi 2024. Kwa hesabu yangu ya tarehe, klabu ilikuwa salama. Desemba 2022 akaingiza shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga, akisema amejinunua na kuvunja mkataba. Kamati ya TFF inayoshughulikia hadhi za wachezaji ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Alikuwa mali yao kwa karatasi, lakini hakurudi kambini. Nusu msimu mzima kiungo bora wa taifa alikaa nyumbani, huku wenzake wakifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na kulikosa mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini. Ilibidi Rais Samia awaambie viongozi wa Yanga, kwenye hafla ya chakula aliyowaandalia Ikulu Juni 2023, walimalize jambo la kijana huyo. Siku chache baadaye akauzwa Azam.

Watu waligawanyika, wengine wakamwita msaliti. Nadhani wote walikuwa wanatazama karatasi ileile upande usio sahihi. Tarehe ilikuwa sawa, kilichozeeka ni mshahara. Kijana aliposaini alikuwa na thamani fulani. Misimu miwili baadaye alikuwa mtu mwingine, akikaa chumba kimoja na wageni waliokuja jana kwa fedha nyingi kuliko yake. Klabu makini humwita mchezaji wa namna hii kabla hajabisha hodi, inampandishia mshahara na papo hapo inasogeza tarehe mbele. Inauma mfukoni. Lakini anayesusa nyumbani haongezi thamani, na mnunuzi analijua hilo.

Mikataba mingine haifiki hata kwenye hoja ya mshahara kwa sababu imeandikwa vibaya. Mwaka 2020 Bernard Morrison alisema mkataba wake na Yanga ulikuwa wa miezi sita na umekwisha, Yanga wakasema aliongeza miaka miwili. Kamati ya TFF ikaona kasoro kwenye mkataba, Mghana huyo akahamia Simba. Yanga wakaenda hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, wakashindwa Novemba 2021. Miezi michache baadaye, 2022, Morrison akarudi zake Yanga, akapokewa kwa vigelegele. Huwezi kuyatunga haya. Niliwahi kuonyeshwa na mchezaji wa klabu moja ndogo, sitaitaja, nakala ya mkataba wake. Upande wa klabu haukuwa na sahihi. Alikuwa ameucheza msimu mzima.

Na kuuza nako kuna hatari yake. Agosti 2021 Simba, mabingwa mara nne mfululizo, waliwauza Chama kwa RS Berkane na Luis Miquissone kwa Al Ahly katika dirisha moja. Kibiashara sina neno, walikuwa kwenye kilele cha bei. Ila aliyekuwa akipika mabao na aliyekuwa akiyapakua waliondoka pamoja. Dirisha hilohilo Jangwani walishuka Djigui Diarra, Fiston Mayele, Khalid Aucho, Yannick Bangala na Djuma Shaban. Yanga wakamaliza ligi ya 2021/22 bila kupoteza mechi, na Chama alirejeshwa Msimbazi Januari. Mrithi hasajiliwi baada ya mauzo. Anatakiwa awe ameshakaa benchi miezi sita akijifunza njia.

Nimezungumza sana juu ya mtaa mmoja wa Dar es Salaam, na hilo ni kosa letu waandishi. Ligi ina timu 16. Kwa JKT Tanzania, Mashujaa au Tanzania Prisons, nyuma ya timu ipo taasisi yenye sare, na kijana akipata ajira ndani yake haulizi dau, anauliza pensheni. Kwa klabu kama Mtibwa Sugar, bingwa wa 1999 na 2000, iliyoshuka 2024 na kurudi 2025, swali la Juni lilikuwa gumu kuliko yote: mishahara ya Ligi Kuu unailipaje ukiwa Ligi ya Championship? Katika mikataba michache ya klabu za chini niliyobahatika kuiona, sikukuta kifungu kinachosema mshahara utapungua kiasi gani timu ikishuka. Klabu nyingine hazishuki, zinahama. Ihefu ya Mbarali, iliyozima rekodi ya Yanga ya mechi 49 bila kufungwa mwaka 2022, mwaka 2024 iliishia kuwa Singida Black Stars. Shabiki wa Ubaruku akaamka timu yake imepewa thank you.

Hawa wadogo wana fedha wanayoisahau. Mchezaji anapouzwa kimataifa akiwa bado na mkataba, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: robo asilimia kwa kila mwaka hadi miaka 15, nusu asilimia kwa kila mwaka kuanzia 16. Mbwana Samatta alipita African Lyon na Simba kabla ya TP Mazembe, kisha Genk mwaka 2016 na Aston Villa 2020. Kwenye uhamisho wa Euro milioni 10, mwaka mmoja wa kumlea kijana wa miaka 17 una thamani ya Euro 50,000. Kinachotakiwa ni awe amesajiliwa kwenye mfumo kwa jina lake sahihi na tarehe yake sahihi ya kuzaliwa. Hapo ndipo wengi wanapoanguka.

Yule muuza jezi bado yupo. Jezi nyekundu za Chama alizimaliza kwa bei ya kutupa, za njano zenye jina lilelile akauza sana msimu mmoja, kisha Chama akaenda Singida. Siku hizi ukimwomba akuchapie jina mgongoni anaweka mashine pembeni kwanza na kukuuliza: huyu mkataba wake unaisha lini?