Tarehe Iliyo Mfukoni mwa Waziri Mkuu

Asubuhi ya Mei 22, 2024, takwimu mpya za Uingereza zilionyesha kwamba mfumuko wa bei umeshuka hadi asilimia 2.3. Jioni hiyohiyo Waziri Mkuu Rishi Sunak alisimama nje ya namba 10 Downing Street, mvua ikimlowesha suti, akatangaza uchaguzi wa Julai 4. Wachambuzi wengi walikuwa wameshikilia kwamba utafanyika majira ya vuli. Kinachochekesha ni kwamba tangu Januari Sunak mwenyewe alikuwa akisema anatarajia kuuitisha katika nusu ya pili ya mwaka, na Julai 4 ni siku ya nne ya nusu hiyo. Aliyetaja ukweli ni yeye. Waliojitungia vuli ni wengine.

Mkenya anaweza kushangaa shughuli yote hii ya kubashiri. Katiba ya 2010 ilimwekea Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano, na mjadala ukaisha. Lakini wazee wanakumbuka zama ambazo tarehe ilikaa kifuani mwa Rais, na Moi akiiita silaha yake ya siri. Nchini Tanzania nako Waziri Mkuu huteuliwa na Rais, na hana mamlaka ya kulivunja Bunge. Uingereza imejaribu njia zote mbili: sheria ya 2011 ilifunga ratiba iwe kila miaka mitano, kisha sheria ya 2022 ikarudisha mambo yalivyokuwa. Waziri Mkuu humwomba Mfalme avunje Bunge, na kura hupigwa siku 25 za kazi baadaye. Asipoomba, Bunge huvunjika lenyewe siku linapotimiza miaka mitano tangu lilipokutana mara ya kwanza.

Je, kuchagua siku kunalipa? Watafiti Petra Schleiter na Margit Tavits, katika kazi yao ya 2016 iliyopitia chaguzi za nchi 27 za Ulaya, walikuta kwamba serikali inayovizia wakati mzuri hujiongezea takriban pointi tano za asilimia za kura. Si haba. Alastair Smith, katika kitabu chake cha 2004, anaonyesha upande wa pili: mpiga kura hujiuliza haraka hii ni ya nini, na pengine anayekimbilia sanduku la kura ameona mabaya yanayokuja. Waziri Mkuu Theresa May alikana mara kadhaa kwamba angeitisha uchaguzi wa mapema, kisha Aprili 18, 2017 akauitisha, tafiti za maoni zikimweka mbele kwa pointi zinazokaribia 20. Juni 8 akapoteza wingi wake bungeni.

Kwa maoni yangu, faida iliyopo inakaa ndani ya siri, na siri ikishavuja mambo hugeuka. Tetesi ambayo mkubwa ameshindwa kuikanusha huhesabiwa kuwa ahadi, na ahadi ni deni.

James Callaghan, Waziri Mkuu wa chama cha Labour, alilipa deni hilo kwa riba. Septemba 1978 Uingereza nzima ilijua uchaguzi ni Oktoba. Vyama vya wafanyakazi vilivyokutana Brighton vilikuwa tayari kumpigania. Yeye akapanda jukwaani akawaimbia wimbo wa zamani wa bibi harusi aliyeachwa akingoja kanisani. Ukumbi ulicheka, wengi wasijue bibi harusi ni nani. Siku mbili baadaye, Septemba 7, akatangaza kwenye televisheni kwamba hapatakuwa na uchaguzi mwaka huo. Sababu zake hazikuwa za kipuuzi: hesabu zilimwonyesha kwamba huenda asingepata wingi wa kutosha. Lakini kuanzia vuli hiyo hadi majira ya baridi wafanyakazi walikataa ukomo wa nyongeza ya mshahara wa asilimia 5. Waligoma wafanyakazi wa Ford, wakagoma madereva wa malori na wahudumu wa hospitali, na Liverpool hata wachimba makaburi wakaweka majembe chini. Machi 28, 1979 serikali yake iliangushwa bungeni kwa kura 311 dhidi ya 310. Mei 3 Margaret Thatcher wa chama cha Conservative akashinda uchaguzi.

Gordon Brown aliijua historia hiyo, na bado akaanguka kwenye shimo lilelile. Mwaka 2007, miezi michache tu baada ya kumrithi Tony Blair katika uwaziri mkuu, aliwaacha wasaidizi wake wanong'one juu ya uchaguzi wa vuli. Minong'ono ikawapa wapinzani sababu ya kujipanga. Kwenye mkutano wa Conservative mjini Blackpool, George Osborne, msemaji wa chama hicho wa mambo ya fedha, aliahidi kwamba kodi ya mirathi isingegusa mali zilizo chini ya pauni milioni 1. Tafiti za maoni zikageuka, na Oktoba 6 Brown akasema hapana uchaguzi. Alidai pia kwamba tafiti hizo hazikumwathiri, dai ambalo hata marafiki zake walilipata gumu kumeza. Uongozi wake haukupona. Mei 2010 aliondoka madarakani.

Basi msomaji anayefuatilia siasa za London asipoteze muda na wanaojifanya wamenong'onezwa. Wenye siri hawaitangazi. Mwaka 2024 msaidizi wa Sunak bungeni hakutangaza; alikuja kukiri kwamba siku chache kabla ya tangazo aliweka dau la pauni 100 kuwa uchaguzi ungekuwa Julai. Tazama badala yake bajeti inasomwa lini, vyama vinaharakisha vipi kuteua wagombea, na uchaguzi wa mabaraza ya miji wa Mei umekwendaje. Siku yenyewe karibu hakika itakuwa Alhamisi, maana uchaguzi mkuu umefanyika siku hiyo tangu 1935. Na hesabu ya mwisho ifanye kwa kutumia sheria: Bunge la sasa lilikutana Julai 9, 2024, kwa hiyo hakuna Waziri Mkuu anayeweza kuusogeza uchaguzi kupita katikati ya Agosti 2029.