Tarakilishi Si Bubu, Yahitaji Mkalimani

Wahenga walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Msomaji mpendwa, methali hii niliikariri nikiwa shule ya msingi, lakini maana yake niliionja katika chumba chetu cha tarakilishi.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Tarakilishi zetu 11 ni za kizamani, na Windows 11 ilizikataa. Ikaanza kusemekana ati zitauzwa kama vyuma kuukuu. Sisi tunaosoma Somo la Kompyuta tulishika tama. Mradi wa KCSE tungeufanyia wapi? Wengi wetu hutoka Nyalenda, Manyatta na Obunga asubuhi na kurudi jioni, na nyumbani hakuna tarakilishi.

Mwalimu wetu akaleta rai: tuweke Linux, ambayo haina malipo na haiogopi mashine nzee. Tukaiweka. Zikawaka zote! Shangwe ikapigwa. Lakini lo! Hakuna hata moja iliyoingia kwenye intaneti. Fundi mmoja wa mjini alipoulizwa akajibu haraka kwamba tununue kadi mpya za mtandao, moja kwa kila tarakilishi. Kadi 11! Pesa za nani, jamani?

Mimi nami nilikuwa na ujuaji wangu. Nilichukua tarakilishi moja nikaiwekea mfumo upya mara 4 kwa wiki moja, nikitumaini itabadili nia. Haikubadili. Nilikuwa natibu kabla ya kuuliza ugonjwa. Makala haya nayaandika ili wewe usipoteze wiki yako.

Kwanza, Linux ni nini? Ni kiini cha mfumo wa uendeshaji, yaani ile programu inayosimamia programu nyingine zote na maunzi. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu jijini Helsinki, Finland, akiwa na umri wa miaka 21. Aliiacha wazi ili yeyote aisome na kuirekebisha. Juu ya kiini hicho watu wamejenga mifumo mingi. Debian ilianza mwaka 1993. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na wanachama wa Chama cha Kiswahili watalitambua jina hilo mara moja, kwani ni ndugu wa neno letu utu. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kwa hivyo asikwambie mtu kuwa mambo haya si yetu.

Sasa tuje kwenye kiini cha shida. Hebu fikiria mgeni kutoka Lamu amefika ufuoni Dunga kununua mbuta. Muuzaji ni nyanya mzee asiyejua ila Dholuo. Mgeni ana pesa, nyanya ana samaki, na wote wana masikio. Hata hivyo biashara haifanyiki mpaka apatikane mkalimani. Ndivyo ilivyo ndani ya tarakilishi. Kiini cha Linux kina lugha yake na kadi ya mtandao ina yake. Mkalimani wao huitwa kiendeshi. Katika Linux, viendeshi vingi vimo ndani ya mfumo tayari, ndiyo maana kadi nyingi za waya hufanya kazi mara moja. Lakini kadi nyingi zisizotumia waya hudai pia faili ndogo ambayo mfumo huzimiminia kila zinapowashwa. Faili hiyo ikikosekana, mkalimani anakuja lakini nyanya hajaamka!

Basi utajuaje ni nani amekosekana? Anza chini, panda juu, usiruke ngazi.

Ngazi ya 1 ni waya. Tazama kitundu cha waya nyuma ya tarakilishi. Taa inamulika? Kama haimuliki, badilisha waya au tundu la swichi kabla ya kugusa programu yoyote. Kwetu, tarakilishi 3 zilipona hapa hapa. Kile kilimi cha plastiki kwenye kichwa cha waya kilikuwa kimevunjika, na waya ukalegea kila mtu aliposogeza meza. Nilipoona hivyo nilitamani ardhi inimeze.

Ngazi ya 2 ni kujua kama mfumo unakiona kifaa. Fungua dirisha la amri, andika lspci kwa kadi zilizo ndani, au lsusb kwa vifaa vilivyochomekwa kwenye USB. Kila kifaa cha USB hujitaja kwa nambari mbili zenye tarakimu nne nne, ya kwanza ya kampuni na ya pili ya kifaa. Kwa mfano, 046d ni Logitech. Nambari hizo zina thamani kuliko jina lililoandikwa kwenye kasha, kwa sababu kampuni huweza kubadilisha chipu ndani na kuacha kasha vile vile. Kifaa kisipoonekana kabisa, huenda kimekufa au kimezimwa katika mipangilio ya mashine yenyewe. Kwetu, kadi 2 hazikuonekana hata baada ya kukagua mipangilio hiyo. Sisi wa kando ya ziwa twaijua radi ya hapa, na waya mrefu wa mtandao huweza kubeba mshtuko wake hadi ndani ya kadi. Mvua ikianza kunguruma, chomoa waya wa mtandao pia, si wa stima pekee.

Ngazi ya 3 ni mkalimani. Andika lspci -k, kisha utafute mstari wa Kernel driver in use. Ukiwepo, kiendeshi kipo kazini. Kwa vifaa vya USB tumia lsusb -t. Halafu andika sudo dmesg usome shajara ya kiini. Hapa ndipo nilipopigwa na butwaa. Tarakilishi 5 zilikuwa zimeandika waziwazi kuwa zimeshindwa kupakia faili fulani, na jina la faili likatajwa. Wiki nzima zilikuwa zinasema, na mimi sikusoma! Kama unatumia kipakatalishi, andika pia rfkill list, maana huenda redio imefungwa kwa kitufe tu.

Kwa nini faili hizo hazikuwemo? Tulitumia flashi yenye Debian 11, ya mwaka 2021. Wakati huo Debian haikutia ndani ya kisakinishi chake cha kawaida faili ambazo kampuni hazikuruhusu zirekebishwe kwa uhuru. Mwezi Oktoba 2022 wanachama wake walipiga kura wakabadili kanuni hiyo, na tangu Debian 12, iliyotoka Juni 2023, faili hizo zimo. Somo ni hili: kabla ya kuanza, hakikisha una toleo jipya.

Ngazi ya 4 ni fumbo la kuku na yai. Kupata faili wahitaji intaneti, na kupata intaneti wahitaji faili. Ufanyeje? Chukua rununu ya Android, iunganishe kwa waya wa USB, kisha uiruhusu igawe intaneti kupitia waya huo. Linux huiona kama kadi ya mtandao, bila kuongeza chochote. Sisi haturuhusiwi kuja na simu shuleni, hivyo mwalimu alitoa yake na bando lake. Tukaruhusu hazina ya Debian iitwayo non-free, tukaleta faili ile, tukawasha upya. Mitandao ikajaa kiwamboni! Baadaye tulizipandisha zote hadi toleo jipya.

Ngazi ya 5 ni anwani. Andika ip a. Ruta ni kama karani wa hospitali agawaye nambari za foleni, na tarakilishi isiyo na nambari haihudumiwi. Ukishapata, andika ip route uone anwani ya ruta, kisha uipigie hodi kwa ping. Ruta ni kama makutano ya Kisian: utokaye Bondo kuja mjini lazima upite pale. Ruta ikijibu, pigia hodi 8.8.8.8, anwani ya Google. Ruta ikijibu nayo 8.8.8.8 ikikaa kimya, kuna uwezekano mkubwa kuwa shida imo nje, kwa anayewauzia intaneti. Zote zikijibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina, basi kitabu cha majina, yaani DNS, ndicho kimekosekana. Kirekebishe katika mipangilio ya mtandao.

Ngazi ya 6 wengi huisahau: saa. Tarakilishi 1 ilipita ngazi zote lakini tovuti zikakataa kufunguka. Betri yake ndogo, ile ya mviringo kama sarafu, ilikuwa imekwisha, na tarehe ikarudi nyuma miaka kadhaa. Tovuti salama hutoa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Tarakilishi iliyo nyuma huona cheti hicho hakijaanza kutumika, ikakikataa. Betri ilibadilishwa, saa ikarekebishwa, mambo yakawa shwari.

Hebu tupige hesabu pamoja. Waya 3, faili 5, betri 1, na kadi zilizokufa 2. Jumla 11. Tuliambiwa tununue kadi 11, kumbe zinazohitajika ni 2! Hizo 2 hatujazipata bado, lakini tarakilishi zake zinatumika kuchapa na kuandika programu, na zile 9 ziko mtandaoni. Hakuna iliyouzwa kama chuma.

Kwa wenzangu wa madarasa ya chini, chumba hiki kitakuwa chenu. Andikeni katika daftari kila mashine ilichosema na kila mlichobadilisha, ili atakayefuata asianze upya. Siku ikigoma, msikimbilie dukani wala msiweke mfumo upya. Iulizeni kwanza. Kuuliza si ujinga.