Profesa na Ziwa Lake

Ufadhili wa utafiti kwa kawaida hudumu miaka michache. Ziwa halifuati kalenda hiyo. Anayetaka kujua kwa nini wanaikolojia wa maji hung'ang'ania sehemu moja maisha yao yote, amtazame W. T. Edmondson, aliyeanza kufundisha Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, mwaka 1949.

Mwaka 1955 yeye na wanafunzi wake walikuta katika Ziwa Washington mwani uitwao Oscillatoria rubescens. Kule Ulaya ulikwisha kujulikana: ulitangulia kuonekana katika maziwa yaliyoelekea kuharibika, kama la Zürich. Miji ya kandokando ilikuwa ikimwaga humo maji taka yaliyosafishwa. Yaliyosafishwa, naam, lakini usafishaji wa siku hizo uliondoa uozo na kuacha fosforasi, ambayo kwa mwani ni mbolea. Edmondson aliwaeleza wananchi hivyo, nao mwaka 1958 wakapiga kura ya kuunda mamlaka ya kushughulikia taka. Kati ya 1963 na 1968 maji hayo yakaelekezwa Puget Sound, yaani baharini. (Kuhamisha taka si kuzimaliza, lakini hilo ni shauri jingine.)

Wakati huo wenye viwanda vya sabuni za unga walikuwa wakikanusha kwamba fosfeti, yaani fosforasi iliyokuwemo katika sabuni zao, ndiyo ya kulaumiwa. Ziwa likajibu lenyewe. Fosfeti ilishuka sana; naitrati na kaboni dayoksaidi zilibaki nyingi; mwani ukashuka pamoja na fosfeti. Edmondson alichapisha matokeo hayo mwaka 1970, na aliweza kwa sababu alikuwa amepima kabla, wakati na baada ya kugeuza mabomba. Ziwa Victoria nalo lina deni kwa vipimo vya mapema: bila vile vya mtafiti Talling vya 1960 na 1961, watafiti wa baadaye, akiwemo Rose Mugidde wa Uganda, wasingekuwa na msingi wa kuonyesha jinsi mwani ulivyoongezeka.

Kwa maoni yangu, sehemu tamu zaidi ilikuja baada ya wengi kuona kazi imekwisha. Mwaka 1976 maji ya Ziwa Washington yaling'aa kuliko ilivyotarajiwa. Daphnia, vijidudu vya jamii ya kamba vinavyochuja mwani, vilikuwa vimeongezeka ghafla. Kamba wadogo waliokuwa wakivila walikuwa wamepungua, kwani samaki waliwala. Na nyuzi za Oscillatoria, zilizokuwa zikivikwamisha kula, zilikuwa zimetoweka. Edmondson aliendelea kupima hata baada ya kustaafu.