Usukani au starehe? Jua unacholipia kwenye saluni ya kasi

WANUNUZI wengi wa saluni za kasi huangalia kwanza nguvu za injini, rangi na ukubwa wa ringi. Usukani na ulaini wa safari, mambo yanayomgusa dereva kila siku, hukumbukwa baada ya fedha kulipwa.

Mfano mzuri ni BMW 3 Series. Toleo la E90, lililotoka mwaka 2005, kwa sehemu kubwa lilitumia usukani unaosaidiwa na pampu ya mafuta. Dereva alihisi mikononi jinsi tairi za mbele zinavyoshika barabara, na alijua mapema zinapoanza kuteleza.

Hata hivyo, gari hilo lililalamikiwa kwa ugumu. Sababu mojawapo ni tairi zinazoweza kwenda bila upepo. Zina kuta nene ili baada ya pancha gari liende takriban kilometa 80 kwa mwendo usiozidi kilometa 80 kwa saa. Kuta hizo hazinyumbuki, hivyo kila shimo humfikia abiria.

Toleo la F30, lililotangazwa mwaka 2011, lilikuja na usukani wa umeme. Mota yake husaidia pale tu dereva anapogeuza usukani, tofauti na pampu inayozungushwa na injini muda wote. Mafuta yakaokolewa, lakini waandishi wengi wa magari walilalamika kwamba mikono haipati tena habari za barabara.

Je, ni lazima kupoteza kimoja? Hapana. Alfa Romeo Giulia, iliyoanza kuuzwa mwaka 2016, ina usukani wa umeme unaoitikia haraka, na bado ilisifiwa kwa safari laini. Ugumu wa gari peke yake hauleti usukani mzuri. Aidha, kitufe cha mwendo wa kispoti mara nyingi huufanya usukani uwe mzito tu.

Kwa barabara zetu za matuta na mashimo, anza na tairi. Tairi ya 205/55 R16 ina ukuta wa milimeta 113 hivi, wakati ya 225/40 R18 ina milimeta 90. Milimeta hizo 23 zikikosekana, ringi hupinda na tairi hupasuka ubavuni kwa urahisi zaidi.

Kabla ya kununua gari lililotumika, liendeshe kwenye barabara mbovu, si lami pekee. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili. Kama ni wa pampu, sikiliza iwapo inalia na kagua uvujaji. Bonyeza kona ya gari kisha uachie: likiendelea kunesa, shokapu zimekwisha. Kama shokapu zinaongozwa kwa umeme, ulizia bei yake kwanza, kwani ni ghali kuliko za kawaida, na gharama hiyo iingie kwenye mazungumzo yako na muuzaji.