Je, Wajua? Ganda la chenza ni dawa ya tumbo

Ganda la chenza ambalo mtoto wa Mvumi, Kilosa, hulitupa njiani, Uchina huanikwa na kutunzwa kama mali. Huitwa chenpi, yaani ganda lililokaa. La Xinhui, jimbo la Guangdong, hukaa miaka 3 au zaidi. Kadiri linavyozeeka ndivyo bei inavyopanda! Huchemshwa, mara nyingi na tangawizi, kwa tumbo lililojaa gesi na kichefuchefu.

Hapa Tanzania, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inamtaka mtoa tiba asajiliwe. Basi ukiuziwa mitishamba ya Kichina, ulizia usajili. Na ukiona damu chooni, usichemshe chochote: wahi hospitali.