Nachingwea na Ruangwa: ukatili unaohesabiwa na unaobaki kijijini

Sensa ya 2012 iliikuta wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, na watu 131,080. Tuseme mwaka mmoja yametokea mauaji 3, na mwaka uliofuata 6. Kwa kipimo kinachotumika duniani kote, yaani matukio kwa kila watu 100,000, kiwango kimeruka kutoka 2.3 hadi 4.6. Magazeti yataandika kwamba mauaji yameongezeka maradufu, na jirani zao wa Nachingwea, waliokuwa 178,464 kwa sensa hiyohiyo, wataonekana wapole. Kumbe pengine ni ugomvi mmoja tu wa mpaka wa shamba, ulioua ndugu watatu siku moja. Kwa wilaya ndogo namna hii ni lazima kujumlisha miaka kadhaa ndipo ulinganishe.

Mauaji ni vigumu kuyaficha. Kinachopotea ni kipigo. Majeruhi hutakiwa apite kituo cha polisi kuchukua fomu ya PF3, aende nayo hospitali, daktari aandike jeraha liko wapi, limetokana na nini na lina uzito gani, kisha karatasi irudi polisi. Aliye mahututi hutibiwa kwanza, fomu ikafuata. Lakini mwanamke aliyevunjwa mkono katika kijiji cha ndani, ambaye nauli ya bodaboda inabidi aiombe kwa huyohuyo aliyempiga, mara nyingi haendi popote. Kwa Wamwera, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, shauri laweza kuishia kwa wajomba: faini inatozwa, watu wanapeana mikono, na polisi hawana cha kuandika. Siku dawati la jinsia na watoto la polisi likianza kufanya kazi vizuri, takwimu za ukatili zitapanda, na viongozi wataulizwa kulikoni. Mimi huihofia zaidi wilaya ambayo ripoti zake ni chache mno.

Ndiyo maana watafiti huenda nyumbani kwa watu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliwauliza wanawake wa Dar es Salaam na wa Mbeya maswali yaleyale. Waliowahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu na mume au mwenza walikuwa asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 Mbeya. Tofauti hiyo haikutoka kwenye daftari la polisi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu nao, kwa maswali ya ukatili, humhoji mwanamke mmoja tu kwa kila kaya, faraghani. Mwaka 2015–16 asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa tangu watimize miaka 15. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 27. Lakini sampuli yake hupimwa itoshe kuuzungumzia mkoa. Nachingwea na Ruangwa zinamezwa ndani ya Lindi.

Tofauti za kweli zina chanzo, na chanzo hutafutika. Mchumi Edward Miguel alichunguza vijiji vya wilaya ya Meatu, na mwaka 2005 akachapisha alichokiona: miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi, wengi wao vikongwe wa kike, yalikuwa mara mbili ya miaka ya kawaida. Mauaji mengine hayakuongezeka. Njaa ilikuwa inachagua nani afe.

Lindi ina jambo lake. Wafugaji walioondolewa bonde la Ihefu, wilayani Mbarali, mwaka 2006 na 2007 walishuka na mifugo yao hadi mkoa huu, kwa watu wa korosho na ufuta ambao hawakuwa wamezoea makundi makubwa ya ng'ombe. Wilayani Kilosa, Desemba 2000, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya 30 katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, kwa hiyo hatari yake inajulikana. Daftari la hospitali linaloandika mwezi, kijiji na chanzo cha kila jeraha lingemwonyesha mganga mkuu wa wilaya kama majeraha ya panga na rungu hujaa kiangazi, ng'ombe wanaposhuka mabondeni kufuata maji. Hapo angekuwa na hoja ya kuipeleka halmashauri, kwamba malambo yachimbwe mbali na mashamba kabla ya kiangazi kingine.